Biashara Imekufa, Wewe Umetoka na Nini?

Habari zenu ndugu zangu. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja na wengine mmefunga biashara mapema ili muwahi, kwa hiyo sitawazungusha. Nimeombwa niongelee maamuzi ya mjasiriamali, kuanguka kwake na kuanza kwake upya. Mada hii inaongelewa kila siku, ila kuna sehemu moja huwa inarukwa na mimi ndo nataka tukae nayo leo. Watu wanasimulia fulani alivyoanguka, halafu paap, wako kwenye utajiri wake, pale katikati, ile siku ya kufunga ofisi na wiki zile zinazofuata, hakuna anayepagusa. Na mimi naamini kabisa kwamba pale ndo mambo yanapoamuliwa, yaani namna mtu anavyofunga biashara yake ya kwanza ndo inaamua kama kutakuwa na ya pili.

Nianze na mtu anaitwa Stewart Butterfield, Mkanada. Mwaka 2002 yeye na wenzake walikuwa na kampuni ndogo pale Vancouver, wanatengeneza gemu ya mtandaoni. Gemu haikufika popote, pesa zikaanza kukata, wawekezaji hawataki hata kusikia neno intaneti kwa sababu makampuni ya mtandaoni yalikuwa yametoka kuporomoka juzi tu. Ila katika kuitengeneza ile gemu walikuwa wameshapata ujuzi na vifaa vya watu kutumiana vitu na kuchati mtandaoni, wakavichomoa wakavijenga upya kwa ajili ya picha, mwaka 2004 wakautoa kama mtandao wa picha, Flickr, na 2005 Yahoo wakainunua. Sawa. Sasa ungedhani jamaa ameshajifunza kwamba gemu sio zake, lakini wapi, 2009 anaanzisha kampuni nyingine, na anatengeneza nini? Gemu. Inaitwa Glitch. Ikazinduliwa 2011, waliobaki nayo waliipenda kweli kweli, tatizo walikuwa wachache, watu wengi walikuwa wanaingia wanaangalia wanatoka hawarudi, na juu ya hapo ilikuwa imejengwa kwa Flash, teknolojia ya kompyuta ambayo haikuwa ya simu, wakati dunia nzima inahamia kwenye simu. Mwishoni mwa 2012 akaamua inafungwa.

Hapa ndo pa kusikiliza. Alivyofunga, kwenye akaunti ya kampuni bado kulikuwa na pesa. Sio pesa ya kuiendesha Glitch mpaka ishike, lakini ilikuwepo, mamilioni kadhaa ya dola. Wachezaji waliokuwa wamelipia wakarudishiwa hela zao. Wafanyakazi waliopunguzwa, kampuni ikawatengenezea ukurasa wenye majina yao na kazi zao ili waajiri wawaone, na wakakaa kuwasaidia kutafuta kazi. Wawekezaji akawaambia kama mnataka kilichobaki chukueni. Wakamwambia hapana, kaa nazo, jaribu kitu kingine. Na hicho kitu kingine tayari walikuwa nacho bila kukiona, kwa sababu timu ilikuwa imetawanyika miji tofauti, na ili waweze kufanya kazi pamoja walikuwa wamejitengenezea mfumo wao wa kuchati na kutafuta mafaili. Walikuwa wanautumia kila siku tu kama mtu anavyotumia kiti cha ofisini. Mwaka 2013 wakautangaza, wakauita Slack, 2021 kampuni ya Salesforce ikakamilisha kuununua kwa zaidi ya dola bilioni 27.

Watu wakisikia hii stori wanasema ana bahati huyo. Ipo bahati, siwezi kubisha. Lakini hebu fikirieni kidogo, je, angeng'ang'ania Glitch mpaka senti ya mwisho, akawa anadaiwa mishahara ya miezi minne, wachezaji wanamtukana mtandaoni wanadai hela zao, wawekezaji wamebadilisha namba za simu? Ule mfumo wa kuchati ungekuwepo vilevile, mzuri vilevile, ila wa kuujenga wangekuwa wapi? Timu ingeshasambaratika kwa hasira. Nani angempa mtu wa namna hiyo nafasi ya tatu? Kwa hiyo Slack ilizaliwa kwa sababu Glitch ilifungwa vizuri na ilifungwa kabla ya kila kitu kuisha, na mimi hilo naona lina uzito kuliko ubunifu wote tunaousifia.

Sasa swali mtaniuliza, na ni swali halali kabisa, mtu anajuaje kwamba saa ya kufunga imefika? Maana tumelelewa kwenye kuambiwa usikate tamaa.

Kwanza tukubaliane kwamba akili zetu zina ugonjwa hapa. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Arkes na Blumer, walifanya jaribio zuri sana, walichukua watu wanaonunua tiketi za msimu mzima wa maigizo, wengine wakauziwa bei kamili na wengine wakapunguziwa bila kutarajia. Maigizo ni yaleyale, viti ni vilevile, ila kwenye nusu ya kwanza ya msimu waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi kuliko waliopunguziwa. Yaani mtu anatoka nyumbani kwenda kuangalia igizo kwa sababu ya hela ambayo imeshatoka na hairudi aende asiende. Tiketi tu hiyo! Sasa weka akiba yako yote, weka miaka sita, weka jina lako mlangoni, weka mama mkwe aliyesema haitawezekana, unadhani mtu ataachia kirahisi? Haachii. Anaendelea kumwagia pesa nzuri juu ya pesa iliyokufa, na anajiita mvumilivu.

Mwaka huohuo 1985 kampuni ya Intel ilikuwa kwenye hali mbaya. Intel ilianzishwa 1968 kutengeneza chipu za memori, hiyo ndo ilikuwa kazi yao na fahari yao, halafu Wajapani wakaja na memori bora kwa bei ya chini na Intel ikawa inavuja hela. Wakubwa wawili, Andy Grove na Gordon Moore, walikuwa wamekaa ofisini wamechoka, Grove akamuuliza mwenzake kwamba hivi bodi ikitufukuza sisi wote ikaleta mkurugenzi mpya, huyo mgeni atafanya nini? Moore akajibu bila kusita, atatoka kwenye memori. Basi Grove akasema kwa nini sisi wenyewe tusitoke hapo mlangoni, tukaingia tena, tukafanya hilohilo. Na wakafanya, kwa maumivu makubwa, viwanda vikafungwa, watu wakapoteza kazi, mwaka uliofuata kampuni ikapata hasara, ila wakabaki na zile chipu za kuendeshea kompyuta ambazo IBM alikuwa ameshaanza kuzitumia kwenye kompyuta zake tangu 1981, na hizo ndo zikawafanya kuwa Intel tunayoijua.

Mimi hili swali la Grove nalipenda kupita kiasi na nawaomba mlichukue. Jiulize leo usiku, angekuja mtu mwingine akakabidhiwa biashara yangu jinsi ilivyo, hana historia nayo, hajui nilivyohangaika, hajui nilivyomuaga bosi wangu kwa kelele, huyo mtu asubuhi ya kwanza angefanya nini? Mara nyingi jibu unalijua. Unalijua muda mrefu tu.

Lakini ngojeni, sitaki mtu atoke hapa aende akafunge biashara kesho kwa sababu mwezi ulikuwa mbaya. James Dyson, yule Muingereza wa mashine za kufyonza vumbi, alitengeneza sampuli 5,127 ndo akapata inayofanya kazi anavyotaka, miaka kama mitano anakula madeni na mke wake ndo anasaidia kuendesha nyumba. Na Strive Masiyiwa wa Zimbabwe alitaka kuanzisha kampuni ya simu za mkononi, shirika la simu la serikali likakataa kata kata, akaenda mahakamani, kesi ikachukua kama miaka mitano, akatumia karibu kila kitu alichokuwa nacho, Econet ikaja kuwashwa 1998. Hawa wawili wangefunga mapema tungewaambia nini, kwamba wamefanya busara?

Tofauti yao na mtu anayeng'ang'ania maiti ni hii, na naomba mnielewe vizuri maana nimelifikiria muda mrefu. Kuna kizuizi na kuna jibu. Masiyiwa alikuwa na kizuizi, watu walikuwa wanataka simu, walikuwa wanasubiri laini miaka na miaka, mlango ulikuwa umefungwa na sheria tu, siku mlango ulivyofunguka wateja walikuwa wamejaa nje. Dyson vilevile, kila sampuli ilikuwa inamwambia kitu ambacho ile ya jana haikumwambia, alikuwa anasogea. Lakini Glitch ilishapata jibu. Mlango ulikuwa wazi, watu waliingia, wakaonja, wakaondoka. Soko likishakujibu hapana, tena limejibu baada ya kuonja, hapo uvumilivu wako unaupeleka wapi? Kwa hiyo kabla hujaamua kukaza au kuachia, tafuta kwanza uko kwenye kipi kati ya hivyo viwili, na tafadhali usimuulize rafiki yako anayekupenda, kaangalie wateja waliowahi kununua mara moja, wangapi walirudi.

Na jingine, weka mpaka kabla hujaanza. Saras Sarasvathy, mama mmoja profesa aliyechunguza namna wajasiriamali wazoefu wanavyofikiri, mwaka 2001 alionyesha kwamba wengi wao hawaanzi kwa kupiga hesabu ya faida watakayopata, wanaanza kwa kuuliza niko tayari kupoteza kiasi gani nikabaki nimesimama. Hasara unayoweza kuibeba. Hiyo namba iandike ukiwa na akili timamu, siku ya kwanza, mwambie na mwenza wako nyumbani, maana siku ya hatari hutakuwa na akili ya kuiandika.

Hapo hapo niguse la kuacha kazi, kwa sababu najua nusu ya ukumbi huu linawasumbua. Kuna hii imani kwamba mjasiriamali wa kweli anaacha kazi, anachoma meli, harudi nyuma. Phil Knight alianzisha kampuni iliyokuja kuwa Nike mwaka 1964, lakini aliendelea na kazi ya uhasibu, baadaye akawa anafundisha chuo, mpaka 1969 ndo akabaki na kampuni yake tu. Miaka mitano! Na watafiti Raffiee na Feng 2014 walifuatilia watu wa Marekani walioanzisha biashara, wakakuta walioanza huku wameajiriwa kisha wakahamia, hatari yao ya biashara kufa ilikuwa chini kwa karibu theluthi ukilinganisha na walioacha kazi moja kwa moja. Hilo linatosha, sitaki kulirefusha, mwenye masikio amesikia.

Turudi kwenye kuanza upya. Neno lenyewe nadhani linatudanganya kidogo, maana ukiangalia kwa karibu hamna anayeanza upya kabisa kutoka sifuri. Mo Ibrahim alikuwa mkurugenzi wa ufundi kwenye kampuni ya simu za mkononi ya British Telecom, kazi nzuri, cheo, heshima. 1989 akaondoka kwa sababu wenzake hawakuiona simu ya mkononi kama yeye alivyoiona, akafungua kampuni ya ushauri wa kuchora mitandao ya simu. Akawa anawashauri makampuni makubwa waende Afrika kuchukua leseni, wanaogopa, leseni zinatolewa na wao hawataki. Mwaka 1998 akaamua kwenda mwenyewe na kampuni yake ya simu, Celtel, na 2005 ikauzwa dola bilioni 3.4. Ukitazama kila hatua alitoka na kitu cha hatua iliyopita, ujuzi wa kuchora mitandao, wahandisi waliomwamini, majina ya wateja. Hakutupa chochote.

Na Momofuku Ando je? Huyu Mjapani, mzaliwa wa Taiwan, mwaka 1957 taasisi ya mikopo aliyokuwa mwenyekiti wake ilianguka na mali zake zikaondoka nayo, akabaki na nyumba anayoishi. Alikuwa na miaka 47. Akajenga kibanda uani, mwaka mzima anahangaika na tambi, jinsi ya kuzikausha ziive haraka kwa maji ya moto tu, na jibu akalipata kwenye kuzikaanga kwenye mafuta, 1958 akaanza kuuza tambi za papo kwa papo za kwanza. Zile za kwenye kikombe alizitoa 1971 akiwa na miaka 61. Lakini wazo hilo halikumjia kwenye kibanda. Baada ya vita alikuwa ameona watu wamepanga foleni kwenye baridi wanasubiri bakuli la tambi, na ile picha alikaa nayo zaidi ya miaka kumi akifanya biashara nyingine. Taasisi ilichukua mali, ile foleni haikuweza kumnyang'anya.

Hata yule mzee wa kuku wa KFC, Harland Sanders, huwa anasimuliwa vibaya. Wanasema alifilisika akiwa na miaka 65 ndo akaanza kuku. Sio hivyo. Mgahawa wake ulikufa kwa sababu barabara kuu mpya ilipita pembeni, wasafiri wakawa hawapiti tena mlangoni, 1956 akauuza kwa mnada, hela ikaishia kulipa madeni. Ila tangu 1952 alishampa rafiki yake mmoja kule Utah ruhusa ya kupika kuku kwa viungo vyake na kumlipa kidogo kwa kila kuku. Mbegu ilikuwa ardhini miaka minne kabla ya msiba. Alichofanya baada ya mnada ni kupakia sufuria za presha na viungo kwenye gari na kwenda kuitafuta ile mbegu kwenye migahawa ya watu wengine, na 1964 akauza kampuni dola milioni 2. Na nyie mnaosema mmechelewa, kuna utafiti mkubwa wa Azoulay na wenzake juu ya makampuni ya Marekani, ile moja kati ya elfu inayokua kwa kasi kuliko zote, mwanzilishi wake kwa wastani alikuwa na miaka 45 alipoianzisha. Arobaini na tano! Kwa hiyo kijana wa 29 uliyefunga biashara mwezi uliopita naomba upumue.

Nisiwadanganye lakini. Hawa wote niliowataja ni walioinuka, na tunawajua kwa sababu waliinuka. Wapo wengi waliofunga vizuri, wakalipa watu wote, wakajifunza kila kitu, na hawakuja kuwa na Slack yao, wakaajiriwa wakaendelea na maisha. Na hayo sio maisha ya kuonea aibu. Mtu aliyewahi kuendesha biashara akarudi kuajiriwa ni mfanyakazi wa aina nyingine kabisa, anajua mshahara unatoka wapi. Inaniuma nikiona mtu anajificha, hapokei simu, anakwepa harusi za ndugu, eti kwa sababu biashara ilikufa. Biashara imekufa, wewe hujafa, na mkanganyiko kati ya hivyo viwili umewamaliza watu wazuri sana, wenye akili sana, ambao tungewahitaji.

Sasa kwa walio kwenye hali hiyo hivi leo, niongee nanyi moja kwa moja. Anza na wanaokudai. Wapigie wewe kabla hawajakupigia. Najua mkono unakuwa mzito, lakini mdai anayeambiwa ukweli mapema, nina hiki, sina kile, nitalipa hivi, mara nyingi anakaa mezani, anayekimbiwa ndo anakwenda kituo cha polisi. Wafanyakazi wako uwaambie wakati bado una hela ya kuwalipa mwezi wa mwisho, sio uwaambie siku wanayokuta kufuli. Waandikie barua za kuwapendekeza, nzuri, kila mmoja ya kwake, sio kuprinti moja ukabadilisha majina. Mali ya biashara usiihamishie kwa shemeji usiku, utaokoa meza na viti utapoteza jina, na jina ndo mtaji pekee utakaoingia nao kwenye biashara inayofuata, hilo nakuapia.

Halafu ukishamaliza hayo, kaa chini na karatasi. Usiandike biashara gani nyingine nifanye, bado, ubongo umechoka utaandika upuuzi. Andika ulichotoka nacho. Nani alikuwa mteja wako na bado anakusalimia? Nani kati ya wafanyakazi ungemchukua tena kesho? Kitu gani mlikitengeneza kwa matumizi yenu ya ndani tu, labda ni jedwali la kufuatilia oda, labda ni namna ya kupanga stoo, labda ni grupu la madereva mnaoaminiana, na watu wa nje waliwahi kukuuliza hiki mnakifanyaje? Hilo la mwisho liandike kwa herufi kubwa. Wateja walikuwa wanakulalamikia kuhusu nini ambacho hakikuwa kazi yako? Jaza ukurasa mzima, hata kama kitu unakiona kidogo, kiweke. Ukimaliza mpe mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi na wewe aisome na aongeze, kwa sababu kuna vitu umevizoea mpaka huvioni.

Nimeambiwa muda bado upo kidogo, kwa hiyo nataka tuutumie kwa hilo. Walioko kwenye kufunga, au waliofunga karibuni, kama uko tayari nyanyua mkono, utuambie ulikuwa unafanya nini na tuisaidie kuijaza hiyo karatasi hapahapa. Dada pale nyuma nimekuona, mleteeni maiki.